Nauli toka SGR Miritini mpaka Diani, nalipaje?

Hamjambo wenyeji, nashuka treni ya SGR Miritini, Mombasa, wikendi na mamangu mzee twaenda Diani. Kuna tikiti moja ya safari nzima ama kila gari nalipa upya?

— Tikiti moja hakuna ndugu yangu, ya SGR yaishia pale pale steshini, baada ya hapo ni mkononi kwa konda. Panda matatu ya town lakini uliza kwanza kama yafika Feri, maanake ikiishia njiani ukadandia nyingine walipa tena. Kuvuka Likoni kwa feri bila gari ni bure, wanaolipa ni wenye magari, sasa mtu akikuitisha pesa ya kivuko mwambie ende zake huko. Ng'ambo shika ya Ukunda, halafu tuktuk mpaka baharini, bei mwaelewana kabla hamjaingia.

— Mvua ikinyesha nauli yapanda, na jioni pia. Beba pesa ndogondogo, chenji ya konda ni hadithi 😂

— Mama mzee na ule msukumano wa feri? Mimi ningekodi gari lipitie barabara ya Dongo Kundu, ghali kiasi lakini hamvuki maji.

— Shukran, namuuliza mwenyewe ataka ipi.