Minyaa ya uzio inaoza shinani, naomba ushauri

Habari za leo wakuu. Nina kiwanja Chamwino, Dodoma, udongo mwekundu wa changarawe, kiangazi jembe linadunda. Nimechagua uzio wa minyaa kwa sababu inavumilia ukame na mbuzi hawaihangaikii. Desemba nilikata matawi ya urefu wa mkono, nikayachomeka siku hiyohiyo, nikawa namwagilia kila jioni kama mchicha. Kati ya 60 yameshika 14 tu. Mengine ukiyavuta yanachomoka laini, meusi chini, yananuka. Jirani kanicheka, eti ningeyaacha kwanza kivulini kidonda kikauke. Kwa siku ngapi? Na maji nisitie kabisa? Halafu ule utomvu uliniruka karibu na jicho, nusura nijute. Nyie mkikata mnajikingaje?