Timu ikishuka daraja, tumuulize prezida au tuliulize daftari?

Wa Katuba (mwenye mada)

Ndugu zangu wa Katuba, Kenya (mtaa wetu, si ile nchi), Kamalondo, Ruashi na Lubumbashi yote hapa Kongo, naleta jambo hili hapa kwa sababu juzi lilitugombanisha kiwanjani hadi watu wakaondoka bila kuagana. Timu yetu ya mtaa imeshuka. Prezida, mkubwa wa timu aliyekuwa akitoa makuta, yaani fedha, aliacha kutoa katikati ya msimu, wachezaji wanne wakahama ndani ya wiki moja, na mechi tatu za mwisho tulicheza bila golikipa wa akiba. Filimbi ya mwisho ilipolia, vijana wakasema kosa ni moja tu: timu ni ya mtu mmoja. Tufanye kama Wajerumani, wakasema. Timu iwe ya wanachama, kila mtu atoe kidogo, kila mtu apige kura, na hatutashuka tena.

Mimi wanachama siwakatai. Ninachokataa ni kuamini kwamba wakishakuwepo, timu imepona. Na mfano wangu nautoa huko huko Ujerumani.

Schalke 04 ni timu ya Gelsenkirchen, mji wa makaa ya mawe. Ilizaliwa mwaka 1904 katikati ya wachimbaji, na hadi leo wachezaji wake wanaitwa Knappen, yaani watu wa mgodini. Ukiingia uwanjani kwao, njia wanayotokea wachezaji imejengwa ifanane na shimo la mgodi. Mgodi wa mwisho wa makaa katika eneo lao la Ruhr ulifungwa Desemba 2018, lakini timu ikabaki. Sisi watoto wa Katanga hatuhitaji kuelezwa maana ya hilo. Tunajua mji unavyokuwa kampuni inapoyumba, na kinachobaki mikononi mwa watu ni nini.

Na timu hiyo si ya tajiri. Ni ya wanachama wake, zaidi ya laki moja, wenye haki ya kukaa kwenye mkutano mkuu na kupiga kura. Timu nyingi za Ujerumani zimegeuzwa kampuni, ingawa sheria yao ya tangu 1998 inataka zaidi ya nusu ya kura zibaki kwa chama. Schalke haikugeuzwa. Timu yenyewe ni ya chama.

Wazee wa Tout Puissant Mazembe, timu kubwa ya mji wetu, mnaikumbuka Schalke kwa njia nyingine. Desemba 2010 kule Abu Dhabi, Inter Milan ilitufunga 3 kwa 0 kwenye fainali ya dunia ya vilabu. Miezi minne haikuisha, Schalke ikaenda Milan kwenye uwanja wa Inter hiyo hiyo na kuipiga 5 kwa 2, ikafika nusu fainali ya Ulaya. Nilikuwa kijana. Nakumbuka tulivyoshangilia usiku ule kana kwamba tumelipiziwa kisasi na ndugu zetu.

Miaka kumi baadaye, msimu wa 2020 na 2021, Schalke walianza kwa kufungwa 8 kwa 0 na Bayern Munich. Tangu Januari 2020 hadi Januari 2021 walicheza mechi 30 za ligi bila kushinda hata moja. Makocha watano walikalia benchi msimu ule mmoja. Tarehe 20 Aprili 2021 wakafungwa 1 kwa 0 Bielefeld, wakashuka huku mechi nne zikiwa bado. Mwisho wa hesabu: pointi 16, ushindi mara tatu, mabao 86 yameingia wavuni mwao. Usiku waliporudi kutoka Bielefeld mashabiki waliwangoja uwanjani, wakawarushia mayai na kuwakimbiza.

Lakini mkitazama hapo tu mtaona mpira, hamtaona ugonjwa. Ugonjwa ulikuwa kwenye makuta. Kwa miaka mingi walilipa mishahara ya timu inayocheza Ulaya kila msimu, hata misimu ambayo hawakwenda Ulaya. Walikopa, hata kwa mashabiki wao wenyewe. Wachezaji waliolelewa pale au kukulia pale wakaachwa hadi mikataba ikaisha, wakaondoka bila timu kupata senti: Matip kwenda Liverpool mwaka 2016, Goretzka kwenda Bayern 2018, golikipa Nübel kwenda Bayern hiyo hiyo 2020. Corona ilipofunga viwanja, madeni yalikuwa yanapanda kuvuka euro milioni 200.

Na sasa sikilizeni walipoanza kubana. Mwaka huo wa 2020 waliwaondoa madereva 24 waliokuwa wakiwabeba watoto wa shule yao ya mpira, watu wa malipo madogo kabisa. Halafu shabiki aliyelipia tiketi za mechi zilizofungwa kwa watazamaji, akitaka arudishiwe fedha zake upesi, aliambiwa aandike barua aeleze shida zake ni zipi. Timu ya wanachama, ndugu zangu. Mwanachama anaandika barua kuomba makuta yake mwenyewe, lakini hakuna aliyekuwa ameandika barua kumweleza yeye deni limefikaje pale.

Sasa njooni Katuba. Misimu miwili nilikuwa naandika makuta ya timu kwenye daftari la shule, lile la kurasa 48, jalada la bluu. Upande wa kushoto yaliyoingia, upande wa kulia yaliyotoka: maji ya mechi, taksibasi, sabuni, dawa ya kuchua misuli. Siku moja mkubwa mmoja wa komite akaliomba aliangalie. Liliporudi, kurasa mbili zilikuwa zimechanwa, zimetolewa vizuri kwa wembe kiasi kwamba usingegundua kama hujui kuhesabu. Mimi nilihesabu. Nikanyamaza, kwa sababu ni mtu mzima na mimi ni mtoto wa mtaa. Msimu uliofuata daftari halikurudi kabisa. Nalilia lile kimya langu kuliko ninavyolia kushuka.

Hoja yangu basi: kabla hatujabishana kama timu iwe ya prezida au ya wanachama, tukubaliane kwamba daftari litasomwa mbele ya watu kila mwezi. Asiyetaka hilo aseme hapa kwa nini.

Wa Kamalondo

Mwanangu, umesema vizuri lakini umeruka kitu kilicho mbele ya macho yako. Mimi ni wa Tout Puissant tangu bado inaitwa Englebert. Tulichukua Kombe la Afrika la mabingwa 1967 na 1968. Baada ya hapo tulilisubiri miaka 41. Tajiri wetu Moïse Katumbi alishika timu mwaka 1997. 2009 tukalipata, 2010 tukalipata tena, 2015 tena. Uwanja umesimama hapa Kamalondo tangu 2011, naupita kila asubuhi nikienda kazini. Wanachama gani wangeujenga? Kwa michango ya franka elfu moja moja? Mpira wa leo unataka mtu mwenye mkono mrefu na moyo. Prezida wenu alikuwa na mkono mfupi, basi. Tafuteni mwingine. Daftari halifungi goli.

Wa Katuba (mwenye mada)

Papa, heshima kwako, na furaha ya 2010 uliyonayo na mimi ninayo. Sikanushi hata kombe moja. Lakini Mazembe ni moja katika nchi nzima. Kwa kila prezida wa aina hiyo, hapa mjini tunawajua wangapi walioshika timu wakati wa kampeni na kuiacha kura zilipokwisha kuhesabiwa? Timu inabaki na deni la jezi ambazo zina sura ya mtu aliyekwisha kwenda. Tajiri mwenye moyo hatadhurika daftari likisomwa. Watu wataona alichotoa, watamshukuru kwa hesabu.

Mwalimu wa Ruashi

Naomba tusimfanye daftari kuwa mganga. Schalke walishuka kwanza kwa sababu hawakujua kucheza. Makocha watano kwa msimu mmoja: huyu anataka mabeki wapande, yule anataka wakae nyuma, mchezaji anaamka hajui kesho anamsikiliza nani. Nimefundisha watoto mpira miaka kumi na mitano. Nipe daftari safi na timu isiyofanya mazoezi, nitashuka nayo.

Mwenye mada angeweza kuongeza Hamburg, timu nyingine ya Ujerumani. Walikuwa na saa kubwa uwanjani inayohesabu miaka, siku na dakika ambazo hawajawahi kushuka tangu ligi yao kuanza 1963. Mwaka 2018 wakashuka. Sidhani tatizo lao lilikuwa kukosa hesabu, maana walihesabu hadi sekunde. Walihesabu ya jana wakasahau kujenga timu ya kesho. Na Schalke wenyewe walirudi juu 2022, mwaka uliofuata tu wakashuka tena.

Mama wa Kenya

Mimi ndiye niliyekuwa nafua jezi za timu ya hawa vijana. Nakaa karibu na soko la Kenya, jezi zinaletwa Jumapili jioni zimejaa udongo mwekundu, na udongo wa huku mnaujua, hautoki kwa maji baridi na kusugua mara moja. Unaloweka usiku, unafua asubuhi, unasuuza, unarudia soksi peke yake. Jezi kumi na nane. Nilianza kudai mwezi wa pili wa msimu. Niliambiwa prezida atakuja. Nikaendelea kufua, kwa sababu watoto wangecheza na jezi chafu na mimi ndiye ningeona haya.

Kuhusu daftari nina neno. Mwanangu wa Katuba, mimi nakuunga mkono lakini naogopa. Nimekaa kwenye likelemba ya wanawake, ule mchango wa kupokezana makuta, miaka mingi. Ilivunjika siku katibu aliposoma kwa sauti majina ya ambao hawajatoa. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto hospitalini alisomwa mbele ya wote. Aliinuka, akafunga kitenge chake vizuri, akaenda, na hakurudi, na wengine wanne walimfuata. Ukisema kila mtu awe mwanachama na daftari lisomwe, utakayemwaibisha kwanza si yule aliyechana kurasa. Ni baba asiye na franka elfu moja mwezi huu. Huyo ndiye anayekuja mechi zote, kwenye mvua na kwenye jua.

Wa Kampemba

Wote mnazungumzia Schalke na hamsemi kitu kinachonichoma. Mwenyekiti wa baraza lao, Clemens Tönnies, tajiri wa nyama, alikikalia kiti kile tangu 2001. Mwaka 2019 alisema hadharani kwamba afadhali Afrika ijengewe mitambo ya umeme, ili Waafrika waache kukata miti na kuzaa watoto gizani. Sisi hao. Watu tunaokaa gizani kila umeme unapokatika, wakati shaba na kobalti ya ardhi yetu inakwenda kwao. Aliomba radhi, akakaa pembeni miezi mitatu, akarudi kitini. Aliondoka Juni 2020. Wanachama zaidi ya laki moja, na mtu anasema hivyo anarudi! Ndiyo maana nakubaliana na mwenye mada kwa upande mmoja: kura bila nguvu ya kumwondoa mkubwa ni karatasi. Lakini daftari lisingesaidia hapo. Hilo lilitaka watu wasimame.

Wa Katuba (mwenye mada)

Nimesoma yote mara mbili.

Ndugu wa Kampemba, walisimama. Mashabiki wengi walipinga maneno yale, na alipoondoka 2020 walikuwa tayari wanaandamana, kwa ajili ya wale madereva pia na mengine. Lakini miezi kumi baadaye timu ilishuka, kwa sababu deni halikuondoka pamoja naye. Hapo ndipo ninaposhikilia. Watu wakisimama mwishoni wanamwondoa mtu. Wakisoma tangu mwanzo wanazuia deni.

Mwalimu, nakubali, daftari halifundishi mabeki. Ila kocha wetu alikaa miezi mitano bila malipo, na mimi niliyekuwa naandika nilijua kwamba makuta yake yaliingia. Yaliandikwa kushoto. Kulia hayakuonekana kamwe. Mazoezi yalikufa hapo, si kwa uvivu wa watoto.

Mama, wewe umenibadilisha. Nilikuwa nimeandika kwamba kila jina litasomwa, nimefuta. Tutasoma jumla ya yaliyoingia, bila jina la mtu yeyote. Yaliyotoka ndiyo yatasomwa moja moja: kiasi gani, kwa kazi gani, nani aliyapokea. Aliyetoa franka mia tano na asiyetoa kitu wote watakaa na kusikiliza, na wote watauliza. Na mstari wa kwanza wa kulia kwenye daftari jipya ni deni lako. Nimekwisha liandika, kwa wino.

Tunakutana Jumapili saa tisa alasiri, chini ya mwembe ulio nyuma ya goli la juu. Prezida wa zamani amealikwa, nami nilimpelekea barua mwenyewe nyumbani kwake, aliipokea. Papa wa Kamalondo, uje pia, hata kama ni kutupinga.

Na yule anayelikalia lile daftari la bluu, na najua anasoma hapa, alilete. Hatutamuuliza lilikaa wapi.