Naomba msaada wa "there is" na "there are", mgeni anaingia Ijumaa

Msimamizi_Paje – Jumatatu, saa 3:12 usiku
Assalam alaykum wakubwa kwa wadogo. Mimi kijana wa Kusini Unguja, naangalia nyumba ya ami yangu hapa Paje, tunakodisha kwa wageni kupitia mtandaoni. Kiingereza changu ni cha skuli. Kukisoma nakisoma, kukiandika kinanitoa jasho, na kinachonishinda kuliko vyote ni kusema tu vitu vilivyopo. Sisi tunasema kuna, imekwisha: kuna kitanda, kuna vitanda, kuna maji, kuna watu. Wao mara "is", mara "are", na hiyo "there" nilifundishwa kuwa ni pale. Nilimwandikia mgeni "there is two beds", akajibu "so there are two beds?", nikajua nimeharibu. Nataka niwe nimeelewa kabla ya Ijumaa. Mwenye kanuni na mazoezi anisaidie. Natanguliza shukrani.

Sangara_wa_Ziwa – saa 3:20
Mkuu usijitese, lugha si akili. Mimi nauza dagaa Mwaloni hapa Mwanza, wateja wengi wanavuka kutoka Kongo, Kiswahili chao si changu na biashara inakwenda. Mgeni akiuliza kitanda, mfungulie mlango akione.

Dada_Tatu – saa 3:26
Sangara, mgeni yupo Ulaya, mlango atafunguliwa vipi? Soma swali kabla ya kujibu.

Mwalimu_Mstaafu_Tanga – saa 3:51
Mwanangu, umeuliza jambo la maana. Kwanza iache hiyo "pale". "There" ya mwanzo wa sentensi haioneshi mahali, kazi yake ni kama ya ku- katika "kuna". Ndiyo maana Mwingereza anasema "There is a shop there" na hajajirudia: ya kwanza ni kuna, ya mwisho ndiyo pale.

Halafu tazama kinachofuata. Kimoja: "there is a bed". Viwili: "there are two beds". Ukitaja vitu vingi kwa mkupuo, cha kwanza ndicho kinachoamua: "There is a table and four chairs". Ya jana ni "there was" na "there were". Ya kesho ni "there will be", na hapo umoja na wingi havikusumbui tena. Kuuliza, unageuza: "Is there a fan? Are there any towels?"

Mtego wetu Waswahili uko kwenye ma-. Nimesahihisha madaftari miaka mingi, na kosa hili sikuliona likiisha. Maji yapo, mafuta yapo, maziwa yapo, mashuka yapo, mataulo yapo. Kwetu yote ni ya-, mtoto anaona wingi, anaandika "there are water". Kiingereza kinauliza swali jingine: kitu hicho unaweza kukihesabu? Shuka moja, mashuka mawili, kwa hiyo "there are sheets". Maji mawili hakuna, kwa hiyo "there is water". Na mizigo, ambayo sisi tunaihesabu mmoja mmoja, wao hawaihesabu: "there is luggage", hata iwe imejaza ukumbi.

Tunga sentensi kumi za nyumba hiyo, uzilete hapa tuzitazame.

Kijana_wa_Muttrah – saa 4:08
Mwalimu shikamoo, umenirudisha mbali. Mwaka wangu wa kwanza Muscat nilikuwa napokea simu kwenye ofisi ya vifaa vya ujenzi. Mtu akauliza "Is the manager there?" Nikafikiri anataka kujua kama ofisi ina meneja. Nikajibu "Yes, there is manager", nikaweka simu. Akapiga tena, nikamjibu vilevile. Alikuwa mteja wa siku nyingi, na jioni ile niliitwa kujieleza. Mpaka leo nakumbuka uso wa bosi.

Nilichojifunza: kitu ambacho mwenzako anakijua tayari hakianzi na "there is". Meneja yupo, "The manager is in". Kitabu kipo mezani, "The book is on the table". Mezani kuna kitabu, "There is a book on the table". Sisi tunatenganisha kwa kipo na kuna, wao kwa "the" na "a". Ukishika hilo, nusu ya kazi imekwisha.

Mwalimu_Mstaafu_Tanga – saa 4:11
Marahaba mwanangu. Hilo nililisahau, umeliweka vizuri.

Mzee_wa_Kongwa – saa 4:30
Enzi zetu darasani ukikosea "is" na "are" unakula viboko viwili, na tulijua. Vijana wa leo wanataka kanuni fupi. Hakuna kanuni fupi.

Dada_Tatu – saa 4:37
Msimamizi, mbona umesema Ijumaa mara mbili? Mgeni ameshalipa, chumba ameshakiona kwenye picha. Kiingereza kingojee mwezi ujao. Nini kinakuharakisha?

Msimamizi_Paje – saa 5:02
Shukrani sana Mwalimu, na kaka wa Muttrah. Dada, wageni huuliza maswali kabla hawajafika. Huyu ana maswali mengi: kama kuna feni, kama kuna mtandao, kama kuna duka karibu. Nataka nimjibu sawasawa. Hayo tu.

Dada_Tatu – saa 5:05
Weka hapa swali lenyewe na jibu ulilompa.

Msimamizi_Paje – Jumanne, saa 1:40 asubuhi
Nilichelewa, umeme ulikatika. Swali lilikuwa "Is there a swimming pool?" Mimi nikamjibu "Yes, there is. Very big." Yeye akaandika "Great, the children will be so happy." Sasa nataka kujua kama sentensi yangu imesema bwawa liko ndani ya nyumba, au inaweza kumaanisha pale. Kwa sababu bwawa lipo, sikusema uongo. Lipo hoteli ya jirani, tumepakana ukuta. Mlinzi wake ni mtu wangu.

Sangara_wa_Ziwa – saa 1:55
Kumbe! Hapo sasa si sarufi tena, hapo ni polisi.

Mama_Shufaa – saa 2:10
Mdogo wangu, mtu anasafiri na watoto wake kutoka mbali kwa neno lako. Tulivyolelewa, mgeni ni amana. Mpigie leo umwambie ukweli.

Mzee_wa_Kongwa – saa 2:16
Mimi sioni kosa kubwa. Hoteli kibao zinasema kuna ufukwe, ukifika unavuka barabara. Biashara ndivyo ilivyo. Kijana ongea na jirani, lipa kiingilio, watoto waogelee.

Msimamizi_Paje – saa 2:33
Ahsante Mzee, na mimi nilifikiri hivyohivyo. Nitamlipa mlinzi, wageni waingie saa za mchana kukiwa hakuna watu. Mpango upo tayari. Ninachotaka ni Kiingereza tu cha kumweleza kwa upole akifika, asijisikie vibaya.

Kachumbari_Kali – saa 3:00
Jamani, hii chai. Mgeni gani wa Ulaya anakodi nyumba bila kuona picha ya bwawa? Wote wanachagua kwa picha. Tena nyumba ipo Paje, bahari iko mbele, anataka bwawa la nini? Mtu amekaa Kinondoni anatunga. Kama wewe ni mtu wa Kusini kweli, jibu: daladala ya Jambiani namba ngapi? Na leo maji yamekupwa saa ngapi huko?

Sangara_wa_Ziwa – saa 3:04
Nakazia. Chai na maandazi yake.

Kijana_wa_Muttrah – saa 3:15
Ningojee, na mimi nilianza kuwa na shaka. Msimamizi, jibu bwana.

Msimamizi_Paje – saa 4:21
Namba 309. Ya Bwejuu ni 324. Na leo maji yamekupwa asubuhi mapema, kila siku yanachelewa kidogo, Ijumaa yatakupwa saa nne hivi na kujaa saa kumi jioni, kwa sababu bamvua, yale maji makubwa, linaingia. Mama yangu ana shamba la mwani, saa za maji ndizo zinazompangia siku. Kachumbari, hayo ndiyo majibu ya bwawa la nini. Huku mashariki si kama Nungwi. Maji yakitoka, bahari inabaki mchanga na vidimbwi, unatembea kuelekea kwenye mwamba na maji bado yako magotini. Mgeni alisoma hayo, ana watoto wawili wanaojifunza kuogelea, ndiyo maana akauliza.

Na la picha, haya. Picha ipo. Niliipiga mimi, kutoka juu ya paa letu, nikaikata ukuta usionekane. Niliiweka tangu Ramadhani. Kabla yake tulikaa muda mrefu bila mgeni hata mmoja, na pampu ya kisima iliungua. Pesa ya kwanza ya huyu mgeni imekwenda kwenye pampu. Kwa hiyo akidai nirudishe, sina. Ami hajui. Niliona aibu kuandika hayo jana.

Kachumbari_Kali – saa 4:29
Namba ni zenyewe. Nimefuta neno langu, samahani kaka. Shemeji yangu anakaa Makunduchi, nimempigia kumuuliza maji, amesema hivyohivyo.

Mama_Shufaa – saa 4:40
Pole mdogo wangu. Umefanya vizuri kusema.

Mzee_wa_Kongwa – saa 4:44
Picha ya kukata ukuta, hapana. Hapo narudi nyuma. Nilidhani ni neno moja tu.

Mwalimu_Mstaafu_Tanga – saa 5:30 asubuhi
Nimesoma yote. Mwanangu uliuliza kama "Yes, there is" inaweza kumaanisha pale. Haiwezi. Yeye aliuliza akiwa na tangazo la nyumba yako mbele ya macho, kwa hiyo swali lake ni la nyumba hiyo, na jibu lako limeingia humohumo ndani. Ungetaka kusema la jirani, ilikupasa umalizie mahali: "at the hotel next door". Kiingereza hakina neno moja linalobeba hayo.

Lakini Kiswahili kinayo, na hapa naomba unisikilize, kwa sababu watu wa visiwani ndio mnaoyasema vizuri kuliko sisi wa bara tuliobaki na "kuna" peke yake. Jiulize kwa lugha yako. Nyumbani mna bwawa? Hamna. Hapo uani pana bwawa? Hapana. Huko mtaani kuna bwawa? Kuna, la watu. Tazama, maneno matatu ya kukataa tunayoyatumia kila siku, hamna, hapana na hakuna, yote asili yake ni kusema kitu hakipo mahali: ndani, hapa, huko. Ulijibu kuna ya huko kwa aliyekuuliza mna ya ndani. Ukifika kwenye Kiingereza, zote tatu zinakuwa "there is", na kinachozitenga ni maneno ya mahali unayoyaweka mwishoni. Usiyaache kamwe.

Andika hivi, leo: "There is no pool at the house. The pool in the photo is at the hotel next door. I am sorry." Fupi. Halafu umweleze la pesa.

Kijana_wa_Muttrah – saa 5:48
Na mpigie ami yako. Wazee wetu huku Muscat wanakasirika dakika kumi, kisha wanauliza pampu imegharimu kiasi gani. Akisikia kwa mgeni kabla yako, ndiyo mbaya.

Msimamizi_Paje – saa 6:15 mchana
Akifuta safari je? Mwezi huu sina mwingine. Nyinyi mnaandika mkiwa mmekaa.

Dada_Tatu – saa 6:20
Akifika Ijumaa na watoto wamevaa nguo za kuogelea, utasema nini mlangoni? Hilo mimi ningeliogopa zaidi.

Kachumbari_Kali – saa 6:24
Halafu mlinzi akiwa zamu nyingine?

Msimamizi_Paje – Jumatano, saa 2:05 usiku
Mrejesho. Jana usiku nimeiondoa picha. Ami nimempigia, alinyamaza sana, kisha akauliza pampu ni ya aina gani. Atatuma pesa mgeni akitaka kurudishiwa. Mgeni nimemwandikia yale maneno ya Mwalimu, nikaongeza yangu: "There is a well with new pump. There is water all day. There are fans in all rooms. There is many towels." Alikaa kimya tangu asubuhi. Sasa hivi amejibu. Amesema amesikitika, watoto hawajaambiwa bado, na anafikiria. Kisha ameuliza "What time is there enough water in the sea for swimming?"

Nataka kumwandikia saa za siku zote tano atakazokaa. Nimeanza hivi: "On Friday there are water from two o'clock to six o'clock."

Mama_Shufaa – saa 2:09
Anauliza saa, maana yake hajakata tamaa. Inshallah.

Mwalimu_Mstaafu_Tanga – saa 2:14
"There is water." Na kwenye mataulo, "there are". Pampu yako iwekee "a": "a well with a new pump". Zilizobaki ni sahihi. Leta za Jumamosi.