Naomba ushauri: vishimo vya kutu karibu na makali ya wembe wa kukunja

Habari zenu wakuu. Nina wembe wa kukunja wa Solingen (mji wa Ujerumani unaotengeneza visu na nyembe), chuma cha kaboni. Hewa ya chumvi ya huku Kigamboni imeuachia vishimo vya kutu ubavuni, vingine milimita 3 tu kutoka kwenye makali.

Natumia mashine ndogo ya mkono ya kuzungusha, spidi ya chini kabisa, na felti (kichwa cha sufi iliyoshindiliwa) yenye dawa ya kung'arishia. Kabla ya hapo nimepitisha msasa wa maji namba 400, 600 na 1000. Mzunguko nauelekeza utoke nje ya makali. Ukiyakabili, felti inanasa na wembe unaruka. Vidole havina glovu makusudi: chuma kikianza kuunguza, nakichovya majini, maana kikigeuka bluu ugumu umekwisha, hata ukinoa vipi hakishiki makali. Mgongo sijaugusa, ndio unaoshika pembe ya kunolea.

Ubavu juu umetakata. Kwenye makali bado.

Naomba kujua: vishimo hivyo nivifuate kwa msasa wa mkono, au nirudishe makali nyuma kwenye jiwe la kunolea namba 1000 hadi nikute chuma kizima? Na Kariakoo felti ngumu za shina la milimita 3.2 zinapatikana mtaa gani? Hizi laini zinafuta maandishi ya shingoni mwa wembe.