Kabureta ya injini ya 13B iliyopanuliwa milango: 48 IDA, 45 DCOE au Holley?

RotaMbili (Nairobi)
Wakuu, nisaidieni kabla sijatuma pesa. Mazda RX-7 yangu, ile ya injini ya rotari (haina pistoni, ina rota mbili za pembetatu zinazozunguka), ni ya kizazi cha kwanza. Injini yake ya 12A imetoka, imeingia 13B ya milango minne, na fundi ameipanua milango ya hewa: striti-poti ya kawaida (upanuzi wa gari la barabarani), si briji-poti (upanuzi mkubwa zaidi). Siku za kazi naendesha mjini, wikendi natoka nayo hadi Naivasha. Nimeona kabureta ya Weber 48 IDA, nimeona Weber 45 DCOE moja ya bei nafuu, na kuna jamaa ana Holley ya koo nne (matundu ya kupitishia hewa), futi za ujazo 600 kwa dakika. Hiyo 600 si nyingi mno kwa injini ya cc 1300?

Kipepeo
Hiyo cc 1300 ndiyo inayowapoteza wengi. Kila rota inavuta mara moja kwa kila mzunguko wa shafti, wakati pistoni ya kawaida inavuta mara moja kwa mizunguko miwili. Kwa hiyo 13B yenye cc 1308 inakula hewa sawa na injini ya pistoni ya cc 2616. Kwa RPM 8,000 (mizunguko kwa dakika) ni kama lita 10,460 kwa dakika, yaani futi za ujazo 370 hivi, ikiwa inajaa kabisa.

Lakini usiende dukani na hiyo 370. Huo ni wastani. Kwenye IDA au DCOE kila rota ina koo lake, na koo hilo linavutwa kwa vishindo, kwa hiyo linahitaji upana zaidi kuliko wastani unavyoonyesha. Kwenye Holley, kama manifodi yake (mabomba ya kuingiza hewa kwenye injini) ina chumba kimoja chini ya koo zote, vishindo hupungua. Namba za Holley na za Weber hazilinganishwi ana kwa ana.

Halafu hiyo 48 ni kipenyo kwa milimita pale kwenye kipepeo (kibati kinachofungua na kufunga koo) tu. Kinachoamua ni venturi, ile sehemu nyembamba iliyo ndani, na hiyo inabadilishwa. Ukiwa na venturi ya milimita 37, kwa RPM 8,000 hewa inapita kwa wastani wa mita 81 kwa sekunde. Weka 42, inashuka hadi 63. Kasi hiyo ndiyo inayonyonya petroli kwenye jeti (kitundu cha kupimia petroli). Ukipanua kupita kiasi utapata nguvu juu kabisa, na kwenye foleni ya Waiyaki Way gari litakuwa linakatakata.

MtuWaKona (Arusha)
Mimi nasema 45 DCOE, venturi 38. Imelala ubavu, kwa hiyo boneti haikusumbui kama IDA iliyosimama wima. Chini inavuta safi na jeti zake zinapatikana. Huyu bwana anaenda Naivasha, haendi kwenye mashindano.

Kipepeo
Sikupingi. Ukitazama vizuri, 45 yenye 38 na 48 yenye 37 zinapitisha hewa karibu sawa, ila watu wanalipia hiyo namba 48 kwa sifa. Tofauti inakuja ukitaka kukua: 45 inaishia kama venturi 40, 48 bado ina nafasi. Kwa briji-poti ningesema 48 bila kufikiri mara mbili. Kwa peripherali-poti (mlango ukiwa kwenye ukingo wa nyumba ya rota) hata hiyo watu wanaiona ndogo.

IDA ina tabia moja ya kuudhi: ukitoka sailensi (injini ikinguruma bila kukanyagwa) kwenda kwenye jeti kuu inakohoa, kwa sababu matundu yake ya mpito ni mawili tu. Dawa inayojulikana ni kutoboa la tatu, na si kazi ya kumpa fundi wa kubahatisha.

AbuRota (Muscat)
Ndugu yangu, msiidharau Holley. Ile yenye sekondari (koo mbili za ziada) za kufunguliwa na mvuto haimwagi futi 600 zote, inafungua kadiri injini inavyoomba. Huku Ghuba V8 zimejaa, jeti zake unazipata kirahisi. Kwa barabara ndefu iliyonyooka mimi siibadilishi. Ila kwenye kona kali petroli inaegemea upande mmoja wa bakuli na gari linakatika.

Angalieni na presha. Weber inataka psi 3 hadi 3.5, Holley psi 5 hadi 7. Ukiipa Weber presha ya Holley itafurika tu, utalaumu jeti bure.

DonYaMafuta
Mbona hamjamuuliza habari ya oili? Kwenye 12A ya gari hilo pampu ndogo ya oili ilikuwa inapeleka oili kwenye kabureta, ndiyo inayolainisha sili za rota. Ukifunga Weber bila kupanga njia hiyo, sili zinakauka. Changanya oili ya tu-stroki ndani ya tenki, wengi wanatumia moja kwa mia hadi moja kwa mia mbili. Kila unapojaza, bila kusahau.

Kipepeo
Naam, hilo ni kubwa kuliko ubishi wetu wote wa saizi.

RotaMbili, jambo jingine ni mwinuko. Nairobi iko juu, kama mita 1,700, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia 15 hivi. Jeti zilizopangwa pwani zitakupa moshi mweusi na plagi zenye masizi. Shusha jeti kuu saizi chache, ila usiwe na pupa, maana rotari ikikosa petroli kwenye mzigo inagonga, na sili za ncha za rota zinavunjika. Bora iwe na utajiri kidogo wa petroli. Ukishuka Mombasa, rudisha jeti kubwa kabla hujaikanyaga. Funga kipimo cha mchanganyiko wa hewa na petroli kwenye ekzosi, usiamini sikio.

RotaMbili (Nairobi)
Nimeelewa. Briji sina mpango nayo, nachukua 45 na venturi 38, na oili kwenye tenki. Holley jamaa atafute mteja mwingine. Kuna la kuangalia wakati wa kufunga?

MtuWaKona (Arusha)
Usiikaze kwenye manifodi chuma kwa chuma. Weka zile pete za mpira na washa za springi, uache uwazi kidogo. Ikikazwa mpaka mwisho, mtikisiko unaifanya petroli itoe povu kwenye bakuli, na utahangaika na sailensi isiyotulia.