Naomba ushauri: nyota yangu ni Jadi, mkono umekataa kugonga mukuba, na mteja anangoja

Binti Tindo
Wakubwa shikamoo, wengine habari zenu. Niko Lubumbashi, huku Kenya. Kazi yangu ni kugonga mukuba, yaani zile picha za shaba za kutundika ukutani: mama anatwanga, wavuvi ndani ya mtumbwi, msalaba wa Katanga. Atelie, yaani karakana, ilikuwa ya papa, baba yangu. Papa alifariki mwaka jana mwezi wa nane. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, kwa hiyo atelie, vijana wa kazi, minervali, yaani ada ya shule ya wadogo zangu, na kodi ya nyumba, vyote vimeniangukia.

Shida ni kwamba tangu kilio kiishe siwezi kuchora kitu kipya. Natandaza bati la mukuba juu ya mchanga, nashika kalamu, naishia kupanga tindo kwa ukubwa na kufagia. Mteja mmoja mkubwa ameagiza picha sita na siku zinakwenda.

Dada mmoja ninayesali naye alinipa namba ya mnajimu, anasoma kwa sauti za WhatsApp. Anasema nimezaliwa Januari 1996, nyota yangu ni Jadi, mwenye Jadi ni sayari ya Zohali, na Zohali mwezi huu inarudi palepale ilipokuwa siku niliyozaliwa. Mtu akifika hapo anabebeshwa mizigo ya baba yake na mikono inafungwa. Nisianze kazi mpya mpaka Zohali ihame, na kwanza nisafishwe nyota, dola themanini.

Waliopitia haya naomba mniambie: Zohali inahama baada ya muda gani? Na kumalizia kazi ya zamani, nayo inahesabiwa kuwa kazi mpya? Tafadhali msinitukane.

Kibaraghashia
Kenya ya wapi dada, Kisumu au Machakos? Maana Lubumbashi ninayoijua mimi iko Kongo na ina TP Mazembe.

Katuba Moto
Mukubwa, Kenya ni commune, mutaa wa hapa kwetu. Stade ya Mazembe iko Kamalondo, pale pembeni. Ukifika tutakupeleka kwa miguu.

Mtumishi J
Dada yangu, Mungu ndiye aliyeumba hiyo Zohali, sasa wewe unamwacha mwenye duka unaenda kuongea na kopo. Hiyo ni roho ya ukoo imeshika mikono yako. Funga siku tatu, ila usiache maji. Na huyo dada unayesali naye, naye aombewe.

Maalim wa Pwani
Nisahihishe kidogo, maana watu wanachanganya. Kwetu pwani nyota ya mtu haikuwa ya tarehe ya kuzaliwa. Wazee walichukua jina lako na jina la mama yako, wakayahesabu kwa abjadi, yaani kila herufi ya Kiarabu na namba yake, wakajumlisha, wakagawa kwa kumi na mbili, kinachobaki ndiyo nyota. Mfano Musa mtoto wa Mariamu: Musa ni 116, Mariamu ni 290, jumla 406. Ondoa kumi na mbili kumi na mbili, inabaki 10. Hesabu Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, Asadi, Sumbula, Mizani, Akarabu, Kausi, ya kumi ni Jadi. Huyo Musa angezaliwa mwezi wowote angebaki Jadi. Kwa hiyo nipe jina lako na la mama, nikuhesabie bure. Inawezekana wewe ni Thauri na umelipia nyota ya mtu mwingine.

Kibaraghashia
Maalim mimi pia nihesabie, bosi wangu ananisumbua tangu Jumatatu.

Ticha Likasi
Mimi nafundisha, nitasema kama mwalimu. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake jaribio la tabia, kisha akamrudishia kila mmoja maelezo yake. Wakayapa alama kati ya sifuri na tano, yanafanana naye kiasi gani. Wastani ukawa 4.26. Kumbe wote walipewa karatasi ileile, na sentensi nyingi alizitoa kwenye kitabu cha nyota cha kuuzwa mtaani. Sasa "umebebeshwa mizigo ya baba yako": ni mtoto gani wa kwanza hapa Katanga hajabebeshwa? Mimi si Jadi na nalipia wadogo zangu minervali tangu nikiwa chuo.

Mwimbaji Mstaafu
Mambo ya kukwama nayajua. Nilikuwa natunga nyimbo za korali ya parokia. Mwaka mmoja Pasaka inakaribia, sina hata mstari. Rafiki yangu akaniambia achana na kinanda, nenda shamba. Nikaenda kulima muhogo. Kule nikagundua jirani amesogeza mpaka wangu hatua nzima, tukaanza kesi kwa chifu, kesi ikachukua Kwaresima yote. Wimbo haukuja. Tuliimba ule wa mwaka uliotangulia na hakuna aliyegundua isipokuwa padri, naye alisema umetulia kuliko mara ya kwanza. Muhogo ule nilikula miaka miwili.

Katuba Moto
Sasa mushauri unamwambia alime ao ashitaki jirani?

Mama wa Kamalondo
Mimi sijali Zohali. Marehemu nyanya yangu, kwetu Baluba, alienda siku moja kwa kilumbu, yule anayetikisa kibuyu cha mboko na kusoma vitu vilivyolala ndani. Alirudi amechoka kwa maswali. Umekosana na nani, umechukua cha nani, umemuahidi nani nini. Huyu wako wa WhatsApp amekuuliza hata moja? Basi mimi nakuuliza. Huyo mteja anataka picha gani? Na "kumalizia kazi ya zamani" ni kazi gani? Hapo umepita mbio, mwanangu.

Binti Tindo
Asante mama. Anataka picha za mukuba tu, za watu wa zamani wanaoyeyusha mukuba kwenye tanuru za udongo. Ni mtu wa heshima, ana nyumba kubwa. Swali langu lilikuwa kuhusu Zohali.

Mama wa Kamalondo
Alikulipa avansi?

Binti Tindo
Nusu. Imeshaingia kwenye minervali na kwenye bati. Arobaini nilimtumia mnajimu, nyingine anangoja.

Mama wa Kamalondo
Na picha anataka za nani? Zako, ao za papa yako?

Binti Tindo
Nilijua mtafika hapo.

Anataka za papa. Nilimwambia papa aliacha sita ambazo hazijamalizika, mimi nasugua na kupaka vernisi tu. Hakuna sita. Hakuna hata moja.

Lakini kabla hamjaanza, sikilizeni. Mkono wa kuume wa papa uliacha kufanya kazi zamani. Alikuwa anachora kwa kushoto kwenye daftari, kidogo kidogo, mimi ndiye niliyegonga. Zote mlizoona miaka hii ni nyundo yangu, na chini tunaweka jina lake, na yeye alikuwa ameketi hapo anaona. Kuna ubaya gani? Hata fundi wa nguo ana vijana wanaoshona na kibao cha nje kina jina lake. Saini ni ya atelie. Michoro ya daftari ndiyo imeisha, hilo tu. Nikipata michoro sita mipya kazi inatoka, mteja anafurahi, watoto wanasoma. Ndiyo maana naulizia muda wa Zohali.

Mtumishi J
Kutoka 20, mstari wa 15 na 16. Soma yote miwili.

Mzee wa Makomeno
Binti yangu, pole na msiba. Nitakueleza jambo la mji wetu, kwa sababu vijana hawalijui. Mwaka 1946, enzi mji ukiitwa Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa atelie ya wachoraji, wakaiita Hangar. Hakutaka vijana waige picha za Ulaya. Bela alipaka rangi kwa ncha za vidole. Mwenze Kibwanga alijaza picha kwa vistari vifupi vifupi. Pili Pili Mulongoya alikuwa na samaki wake na ndege wake na majani. Unasimama mlangoni, hujasoma jina, na tayari unajua hii ni ya nani. Mwalimu wao alikufa 1954 na wao wakaendelea. Baadaye akaja Tshibumba Kanda Matulu, huyu hakuwa wa Hangar, alichora historia ya nchi kwenye viroba vya unga na kuuza kwa watu wa kawaida, na jina lake aliliandika wazi. Ningependa kuona mkono wako bila daftari la mzee. Nyundo yako kwenye sura za watu inapigaje, karibu karibu ao mbali mbali?

Binti Tindo
Karibu karibu. Papa yeye alikuwa anaacha uso laini na kupiga nguo tu. Mimi napiga mpaka uso. Alikuwa ananigombeza.

Katuba Moto
Yaya, lakini mukono ulikuwa wako na banunuzi balifurahi. Weka jina la atelie, usiweke la papa. Bantu ba mgodi banataka kintu ya kutundika, habatapima.

Ticha Likasi
Katuba, huyu mteja aliahidiwa mkono wa marehemu. Analipia marehemu. Jina la atelie halitoshi.

Darubini
Samahani, nawakatisha. Mimi napenda nyota za kutazama, si za kutabiri, na kuna kitu hakikai sawa. Zohali inalizunguka jua kwa miaka kama 29 na nusu. Januari 1996 ilikuwa kwenye Hutu, wengine wanaita Samaki. Imerudi pale alipozaliwa huyu dada mwanzoni mwa Machi 2025, imepita, imekwenda zake. Leo tuko 2026. "Mwezi huu inarudi" inatoka wapi? Ukiongeza mkono uliokufa, daftari lililoisha, mteja mwenye nyumba kubwa, jina la "Binti Tindo"... Nahisi mtu anaandika riwaya na sisi tunamsaidia sura ya tatu bure.

Kibaraghashia
CHAI HII! Nilianza kunusa tangawizi tangu kwenye daftari. Nani ana vitafunwa?

Mwimbaji Mstaafu
Mimi nimeshamweleza habari za shamba langu mtu ambaye hayupo?

Maalim wa Pwani
Ndiyo maana jina la mama hajaleta.

Binti Tindo
Aibu kwenu. Nimeeleza jambo ambalo hata wadogo zangu hawalijui na nyinyi mnachemsha chai.

Katuba Moto
Ngojeni. Baba yangu mudogo alikuwa anagonga mukuba. Yaya, mukuba ukikauka, unagonga haukubali tena, unafanya nini? Usiende kutafuta kwa intaneti, jibu sasa hivi.

Binti Tindo
Haukauki, unakuwa mgumu kwa sababu ya kupigwa. Ukilazimisha unapasuka penye mkunjo. Unauchoma mpaka uwe mwekundu hafifu, unautia kwenye maji, unalainika, unaendelea. Chuma cha tindo ukikifanyia hivyo kinakuwa kigumu, mukuba kinyume chake. Halafu unakuwa mweusi, unasugua kwa ndimu na chumvi. Baba yako mudogo alikuwa na atelie wapi?

Katuba Moto
Ni mugongaji kweli. Chai imwagwe.

Kibaraghashia
Samahani dada. Vitafunwa nitakula mwenyewe.

Darubini
Nami naomba radhi. Lakini basi mnajimu wako amekudanganya. Hiyo Zohali unayoingoja ihame ilipita mwaka jana, mzee wako akiwa bado hai.

Binti Tindo
Machi mwaka jana nilikuwa nagonga vizuri sana. Tulimaliza ile ya wavuvi.

Kwa hiyo imeshapita? Basi mikono haijafungwa, naweza kuanza hata kesho. Asante sana Darubini, umeniokoa dola arobaini. Nitachora mwenyewe, kwa namna ya papa, nyuso laini.

Darubini
Sikusema hivyo hata kidogo.

Ticha Likasi
Yaani anasoma nyota kwa kutumia mtu asiyeamini nyota.

Mama wa Kamalondo
Mwanangu, achana na hao. Nusu ya franga umekula, sawa, watoto wamesoma. Umpigie huyo mtu umwambie: papa hakuacha picha, mimi ndiye niliyekuwa nagonga, nitakupa sita zangu kwa bei ya chini, ao nitakurudishia kidogo kidogo. Akikataa umepoteza mteja mmoja. Akiambiwa na mtu mwingine, na Lubumbashi si kubwa, atelie nzima inakufa, na jina la papa yako linakwenda nayo.

Mzee wa Makomeno
Mpelekee moja kwanza, yenye uso uliopigwa. Aone kabla hujaongea.

Binti Tindo
Nimewasikia. Hilo la mzee linaniingia. Nitagonga moja na uso wake nitaupiga, nitamtumia foto.

Ila kumpigia nitampigia baada ya yeye kulipa ile nusu iliyobaki. Si kwamba nakataa. Kodi ni tarehe tano.

Mama wa Kamalondo
Baada ya kulipa?

Katuba Moto
Yaya, weye kweli ni Jadi.

Maalim wa Pwani
Hatujui bado. Jina la mama.