Darasa la tano wanasoma maneno lakini hawaelewi Sayansi wala Hisabati. Vikao vya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) tuviendesheje?

mwl_taaluma
Wakuu, habari za kazi. Shule ya msingi ya serikali, walimu 11. Watoto wengi wa darasa la V wanasoma kwa sauti vizuri tu, ila wape aya ya Sayansi au swali la maelezo la Hisabati, kimya. Walimu wa masomo wanasema kusoma ni kazi ya mwalimu wa Kiswahili. Jumuiya ya Ujifunzaji ya walimu ipo, lakini kikao ni mtu mmoja kusoma moduli (kijitabu cha mafunzo) na wengine kusaini mahudhurio. Mwenye kujua namna ya kupanga vikao vinavyogusa masomo yote naomba mwongozo.

mwezeshaji_kata
Mwalimu, weka moduli pembeni kwanza. Kila mwalimu wa somo achague aya ya maneno kama 60 kutoka kitabu chake cha kiada na aite watoto sita wa viwango tofauti. Kila mmoja asome peke yake, kisha ajibu maswali matatu: la kwanza jibu lake limo kwenye aya, la pili linataka kuunganisha sentensi mbili, la tatu ni maana ya neno la somo. Anayekwama kwenye silabi zenye mbw na nyw anahitaji kurudishwa kwenye KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu), na mbinu za Sayansi hazitamsaidia. Anayetiririka lakini hajibu, huyo ndiye wa walimu wa masomo. Msiwachanganye.

Tatizo liko hapa. Mtaala wa KKK ulioanza 2015 uliwabakiza darasa la I na II kwenye stadi hizo tatu. Wakifika la III wanakutana na sentensi kama hii: "Mvukizo ni badiliko la maji kutoka hali ya kimiminika kuwa gesi kutokana na ongezeko la joto." Vitendo vyote vimegeuzwa majina, mtoto haoni nani anafanya nini. Kwenye kikao walimu waivunje kwa maswali: kitu gani kinabadilika? Kinakuwa nini? Kwa nini? Mtoto atafika kwenye "maji yakipata joto yanageuka mvuke". Wengi wanaishia hapo, na hapo ndipo wanapoharibu. Lazima arudi kwenye sentensi ya kitabu aisome tena, maana mtihani umeandikwa kwa lugha ile ile ya kitabu.

hisabati_kwa_maneno
Naongezea upande wangu. Wape swali hili: "Juma ana machungwa 24, ambayo ni pungufu kwa 9 kuliko ya Asha. Asha ana machungwa mangapi?" Wengi wataandika 15. Hesabu yao ni sahihi kabisa, walichokosea ni kusoma, na chanzo ni sisi tunaobandika ukutani "pungufu = toa, zaidi = jumlisha". Bandueni hizo chati leo. Kabla ya kugusa namba, mtoto ajibu nani ana machungwa mengi, kisha achore mstari mfupi wa Juma na mrefu wa Asha, na tofauti ya 9 aiandike panapozidi. 33 inajitokeza yenyewe.

Halafu kusoma kwa pamoja darasa zima mkuache. Watoto 80 wakiimba aya, husikii asiyejua. Kusoma kwa zamu nako kunamaliza kipindi. Wawili wawili, mmoja anasoma, mwenzake anasema alichosikia, dakika tano inatosha. Vitabu vikiwa vichache, aya iandikwe kwenye manila kwa maka peni, herufi kubwa zionekane dawati la nyuma.

mwalimu_kakamega
Huku Kenya, mpango wa kufundisha kusoma uitwao Tusome ulipoenea nchi nzima 2015, ulikuwa wa madarasa ya chini, lakini kitu kimoja mnaweza kuiga: afisa wa mtaala alikaa darasani na tableti yake, akatazama kipindi, akasikiliza wanafunzi watatu wakisoma, kisha akaongea na mwalimu papo hapo. Semina bila mtu wa kuja kuona darasa, mwalimu atarudia njia yake ya zamani wiki hiyo hiyo.

mwl_taaluma
Asanteni sana. Sasa ratiba? Na nani awe mwezeshaji?

mwezeshaji_kata
Mzunguko wa wiki tatu. Wiki ya kwanza, kikao cha saa moja: aya moja ya somo moja, mnaivunja pamoja na kuandika maswali. Wiki ya pili inafundishwa, mwenzako mmoja amekaa nyuma akiandika kitu kimoja tu: watoto walisoma wenyewe dakika ngapi kati ya 40? Mara nyingi ni chini ya tano, kipindi kimeliwa na kunakili ubaoni. Wiki ya tatu kila mmoja alete madaftari matatu yenye sentensi mbili alizoandika mtoto mwenyewe, si alizonakili. Hakuna madaftari, hakuna kikao, ahirisheni.

Mwezeshaji asiwe wa Kiswahili. Mpeni wa Hisabati mzunguko wa kwanza, wa Sayansi wa pili. Mkianza na wa Kiswahili, wengine watakaa mkao wa wageni. Na mwalimu mkuu aweke kikao kwenye ratiba ya shule, kisiwe cha baada ya saa za kazi, la sivyo kikao cha tatu mtakuwa wanne.